Dalili ya Mvua si Mawingu: Lugha ya Tahadhari na Maandalizi ya Kaya katika Sericho

Utangulizi

Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Tulifundishwa methali hii tangu shule ya msingi, tukaikamilisha katika mitihani, na baadhi yetu tukaitungia insha. Ni methali nzuri, na katika mwambao wa bahari huenda ina ukweli wa kutosha. Hata hivyo, mimi niliyezaliwa na kulelewa Sericho, katika kaunti ya Isiolo, nina ugomvi nayo wa miaka mingi. Kwetu mawingu hutanda juma zima kisha yakaondoka bila kuacha hata tone. Kwa upande mwingine, mafuriko huweza kutufikia usiku ambao nyota zote zinaonekana, kwa sababu mvua iliyoyaleta imenyesha mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ambako jicho la mtu wa Sericho halifiki.

Makala haya hayakusudii kuishtaki methali. Yanakusudia kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumelikwepa kwa muda mrefu: je, kaya ya mfugaji hupewa habari ya janga kwa lugha gani kabla janga lenyewe halijafika, na habari hiyo huiwezesha kutenda jambo gani? Hoja yangu ni kwamba taarifa isiyomwambia mwenye kaya afanye nini, na afanye lini, haijawa tahadhari. Inaweza kuwa sahihi kisayansi, inaweza hata kuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili sanifu, na bado isiwe tahadhari. Kuigeuza taarifa iwe tahadhari ni kazi ya lugha, na kwa hivyo ni kazi yetu.

Sericho na majanga yake

Kwa msomaji asiyeifahamu, Sericho ni mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Isiolo Kusini. Nyingine ni Garbatulla na Kinna. Wengi wa wakazi wake ni Waborana wanaofuga ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Mvua ya mwaka katika sehemu hizi kame za kaunti kwa kawaida haizidi milimita 300, nayo hutarajiwa katika misimu miwili: ganna, yaani masika ya Machi hadi Mei, na hagaya, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba. Uhai wa eneo hili umefungamana na mto Ewaso Nyiro, ambao hukusanya maji ya nyanda za juu, ukapita Laikipia na Archer's Post, ukateremka Merti hadi Sericho, na hatimaye ukapotelea katika kinamasi cha Lorian. Chini ya ardhi mna hifadhi kubwa ya maji iitwayo hifadhi ya Merti, ambayo visima vyake virefu hunywesha watu na mifugo kutoka kwetu hadi Dadaab.

Jiografia hii ndiyo inayotupa majanga mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni ukame. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Wataalamu wa hali ya hewa walisema kuwa ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana katika Pembe ya Afrika kwa angalau miaka 40. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021, na kufikia mapema 2023 takriban mifugo milioni 2.5 walikuwa wamekufa nchini, huku zaidi ya watu milioni 4 wakihitaji chakula. La pili ni mafuriko. Vizazi vilivyotutangulia huitaja El Niño ya 1997 na 1998. Sisi tutaitaja vuli ya 2023, iliyoigeuza nchi iliyokauka kuwa bahari ya matope katika muda wa miezi michache tu baada ya ukame kukoma.

Na majanga haya hayaji pekee. Baada ya maji kutuama hufuata mbu, na baada ya mbu huweza kufuata homa ya Bonde la Ufa, ambayo huua mifugo na kumwambukiza mtu anayechinja mnyama mgonjwa au kunywa maziwa mabichi. Homa hiyo iliripotiwa katika kaunti ya Isiolo mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021. Kwa hiyo kaya ya Sericho haina janga moja la kujiandalia. Ina mfululizo wa majanga, na kila moja lina wakati wake na lina jambo lake la kutendwa.

Sentensi niliyomtafsiria baba

Naomba radhi kwa kuingiza habari za nyumbani katika jarida la kitaaluma, lakini bila habari hizi hoja yangu haitakuwa na miguu.

Mwishoni mwa Agosti 2022 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Misimu minne ilikwisha kupita bila mvua ya maana. Utabiri wa msimu wa Oktoba hadi Desemba ulikuwa umetolewa, nami niliusoma kwa Kiingereza katika simu yangu. Baba alikuwa na uamuzi mzito mbele yake. Alibakiwa na ng'ombe kumi na wanne. Ama auze sita wakati bado wana nguvu ya kutembea hadi sokoni na kusimama mbele ya mnunuzi, apate fedha za kuwalisha wanane, ama awangoje wote hagaya. Aliniuliza, "Wanasemaje hao wa serikali?"

Nilimjibu kwa Kiborana, lakini akilini nilikwisha kuupitisha ujumbe ule katika Kiswahili nilichofundishwa darasani. Nilisema, "Wanasema mvua itakuwa chini ya wastani."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi itanyesha."

Niliharakisha kusahihisha. Nikamweleza kuwa wastani ni jumla ya mvua ya miaka mingi ikigawanywa kwa idadi ya miaka hiyo, na kwamba uwezekano wa kupata kiasi kidogo kuliko hicho ulikuwa mkubwa. Alinisikiliza kwa subira ya mzazi aliyemsomesha mtoto, kisha akaniuliza, "Wastani wa wapi huo? Tangu nizaliwe sijauona mwaka wa wastani hapa. Mwaka hunyesha au haunyeshi."

Hakuuza. Hagaya haikuja. Mvua ilipopatikana mwezi Machi 2023, ng'ombe waliobaki katika boma letu walikuwa watatu.

Sikusudii kuwalaumu wataalamu wa hali ya hewa, kwa kuwa utabiri wao ulikuwa sahihi. Wala simlaumu baba, ambaye alifanya uamuzi wa busara kulingana na sentensi aliyopewa. Kosa lilikuwa katika sentensi yangu. Hebu tuichanganue kama tunavyochanganua sentensi darasani. Kiima chake ni mvua. Kitenzi chake ni itakuwa. Kisarufi, jambo la kwanza linalothibitishwa hapa ni kuwako kwa mvua. Upungufu wake unakuja mwishoni, tena kwa neno la takwimu ambalo halina maana katika nchi isiyojua mwaka wa wastani. Sasa linganisha na sentensi hii: "Tusiitegemee hagaya. Ikinyesha, huenda isioteshe majani ya kuwatosha ng'ombe wote. Mwenye kutaka kuuza na auze mwezi huu." Utabiri ni uleule. Shaka iliyomo katika utabiri haikufichwa, kwa maana neno "huenda" limo. Lakini sentensi hii imebeba tendo na wakati wake, na mtu akiisikia anajua ni kitu gani hasa anachotakiwa kukiamua.

Nilikuwa nimefaulu vyema somo la tafsiri, na somo la istilahi pia. Hata hivyo, katika siku niliyohitajika nyumbani, nilitafsiri maneno nikaacha tahadhari.

Tafsiri isiyotosha

Wapo watakaosema kuwa tatizo hili litatatuliwa taarifa zote zikitolewa kwa Kiswahili. Dai hilo lina haki kisheria. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoanzishwa mwaka 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila mojawapo ya kaunti 23 kame na nusu kame. Taarifa hizo zina mambo ya thamani kubwa: hali ya majani kama inavyoonekana kwa setilaiti, umbali ambao mifugo hutembea kufuata maji, bei ya mbuzi, kiasi cha maziwa nyumbani, na hali ya lishe ya watoto. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, na wanaozisoma zaidi ni maofisa na mashirika ya misaada. Mwenye mbuzi, ambaye bei ya mbuzi wake ndiyo inayojadiliwa, hazimfikii.

Pamoja na hayo, kutafsiri peke yake hakutoshi. Chukua mfano wa hatua tano zinazotumiwa kueleza ukame: hali ya kawaida, kisha hatua ya kujihadhari, kisha ya hatari, kisha ya dharura, na mwisho hatua ya kurejea katika hali njema. Hatua ya pili na ya tatu kwa Kiingereza zina majina yanayokaribiana hata kwa matamshi, nasi tukizitafsiri mara nyingi tunachanganya tahadhari na hatari kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa ofisa, kuvuka kutoka hatua moja hadi nyingine kuna maana kamili, kwa sababu huweza kufungua fungu la fedha na kuanzisha mipango. Kwa kaya, je? Mama aliye na mbuzi ishirini afanye nini siku kaunti yake inapovuka kutoka hatua ya pili hadi ya tatu? Kama taarifa haijibu swali hilo, basi tutakuwa tumempa mama yule istilahi badala ya msaada.

Uzito wa neno moja ulidhihirika kote nchini mwaka 2023. Kwa miezi kadhaa wananchi waliambiwa kuwa El Niño inakuja. Mnamo Oktoba, Rais William Ruto aliutangazia umma kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, hakutakuwa na El Niño kama ilivyodhaniwa awali, bali mvua nyingi tu. Katika sayansi ya hali ya hewa, El Niño ni jina la kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, na siyo jina la mafuriko. Lakini katika Kiswahili cha Kenya, tangu 1997, neno hilo limekuwa na maana ya gharika. Kwa hiyo aliyesikia kuwa hakuna El Niño alisikia kuwa hakuna gharika. Mvua ikaja, kufikia Desemba zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini na takriban nusu milioni wameyahama makwao. Siwezi kudai kuwa neno moja lilisababisha vifo hivyo. Ninachodai ni kwamba hapakuwa na mtaalamu wa lugha aliyesimama mapema na kusema: wananchi wanalielewa neno hili kwa maana nyingine, basi semeni maji yatafika wapi na nani ahame.

Aidha, yatupasa tuwe wakweli kuhusu nafasi ya lugha yetu wenyewe. Sericho si Lamu. Katika kaya nyingi za kwetu, lugha ya jikoni na zizini ni Kiborana; Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, na ya baraza la chifu. Nyanya yangu alikielewa Kiswahili cha dukani, lakini huzuni na hofu zake alizisema kwa Kiborana. Tukiwa wapenzi wa Kiswahili tunaelekea kudhani kwamba kila mahali palipo na Kiingereza tukiweka Kiswahili kazi imekwisha. La hasha. Mahali kama Sericho, Kiswahili kinafaa kuwa daraja: lugha ambamo mtaalamu kutoka Nairobi, ofisa wa kaunti na kijana wa kijijini wanaweza kukubaliana kuhusu sentensi iliyo wazi, kisha sentensi hiyo ikasemwa kwa Kiborana redioni, msikitini na kisimani. Daraja likiwa bovu, hakuna kitakachovuka.

Hazina iliyomo katika lugha za wafugaji

Kabla hatujawaandikia wafugaji namna ya kujiandaa, ni vyema tukajifunza namna ambavyo wamekuwa wakijiandaa. Kiborana kina msamiati mpana wa maandalizi, na kila neno katika msamiati huo ni utaratibu mzima wa maisha. Fora ni kundi la mifugo linalopelekwa malisho ya mbali na vijana, ili ng'ombe wa maziwa wabaki karibu na nyumba pamoja na wazee na watoto. Kwa njia hii mali ya kaya haikai mahali pamoja kungoja balaa moja. Dedha ni eneo la malisho linalosimamiwa na baraza la wazee, wenye mamlaka ya kusema sehemu gani ichungwe wakati wa mvua, ipi wakati wa kiangazi, na ipi isiguswe mpaka ukame mkali. Busa gonofa ni wajibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyefilisika ili aanze tena. Hayo ni akiba, sheria na bima, ila hayakuandikwa katika vitabu.

Zaidi ya hayo, wafugaji huyahifadhi majanga katika majina. Waborana wa Waso wanakiita kipindi cha vita vya shifta vya miaka ya 1960 Gaf Daba. Ndicho kipindi ambacho watu walikusanywa katika kambi na kupoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Waturkana nao wanaukumbuka ukame wa miaka ya 1979 hadi 1981 kwa jina la Lopiar, lenye wazo la kufagiliwa mbali. Jina la namna hii ni fasihi simulizi iliyofumbatwa katika neno moja. Mzee akilitaja, kijana anauliza ni nini kilitokea, nani alinusurika, na kwa nini. Je, ni wangapi miongoni mwetu tumelifanya jina la mwaka kuwa mada ya tasnifu? Tunaendelea kukusanya vitendawili na nyimbo za jando, jambo ambalo ni jema, lakini kumbukumbu ya majanga tunaiacha ife pamoja na wazee.

Nisieleweke vibaya. Sidai kuwa hekima ya jadi yatosha. Malisho ya akiba yamepungua, mipaka imekazwa, na mto wenyewe siku hizi hukauka kabla ya kutufikia katika miezi ya kiangazi, mojawapo ya sababu ikiwa ni maji mengi yanayochukuliwa kwa kilimo huko juu. Misimu mitano mikavu mfululizo haikuwa katika kumbukumbu ya mzee yeyote niliyemsikia. Setilaiti huona jambo ambalo mzee haoni, na mzee hujua jambo ambalo setilaiti haijui. Nyanya yangu hakuwa akitazama mawingu kujua kama mto utajaa. Alikuwa akiwauliza wasafiri waliotoka Merti maji yamefika wapi, na akitazama rangi ya mto na vijiti vilivyobebwa. Maarifa hayo na kipimo cha maji kilichoko Archer's Post yanasema jambo moja: mafuriko ya Sericho huanza kuonekana kwingine, na yanatupa muda. Kinachokosekana ni sentensi ya kuusafirisha muda huo hadi mlangoni mwa kaya.

Hoja zinazoweza kupinga

Najua kuna wenzangu watakaoniambia kuwa kazi ya mwanafunzi wa fasihi si kutafsiri ripoti za mvua. Tunao waandishi wa kusoma na nadharia za kuhakiki. Ninawaheshimu, lakini nawakumbusha jambo dogo. Tunaisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, na katika semina tunajadiliana kwa saa nzima kuhusu kisima kama ishara ya mamlaka na ya haki. Uhakiki huo ni sahihi. Lakini kuna Wakenya ambao kisima kwao ni kisima, na foleni ya kisima hicho ndiyo siku yao nzima. Taaluma inayoweza kukisoma kisima kwenye kitabu na ikashindwa kumsemesha aliye kisimani imejinyima nusu ya kazi yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Inasema kuwa tatizo la Sericho ni umaskini na kutojaliwa, wala si lugha. Kaya isiyo na shilingi haiwezi kununua nyasi kavu, hata ikiambiwa kwa lugha tamu namna gani. Barabara ikikatika, lori la mnunuzi halifiki, hata kama mfugaji amekubali kuuza mapema. Nakubali. Ninaenda mbele na kusema kuwa neno hili, maandalizi ya kaya, laweza kutumiwa vibaya: laweza kuwa njia ya kumtwika mama wa mbuzi ishirini mzigo wa serikali, kisha akifikwa na maafa akaambiwa kuwa hakujiandaa. Barabara, zahanati, ugavi wa maji ya mto kati ya walio juu na walio chini, chanjo za mifugo. Hayo ni wajibu wa dola, na ibara ya 43 ya Katiba inamhakikishia kila mtu haki ya maji safi na ya kutokuwa na njaa.

Lakini tahadhari iliyo wazi ni silaha katika madai hayo pia. Mtu aliyeambiwa waziwazi mwezi Agosti kwamba hagaya haitegemewi anaweza kuuza ng'ombe wake. Vilevile anaweza kusimama barazani mwezi huohuo na kumuuliza mwakilishi wake: mlijua, nanyi mmefanya nini? Taarifa iliyofichwa ndani ya istilahi humwondolea mwananchi nafasi ya kujiokoa na nafasi ya kuuliza kwa pamoja. Hata bima ya mifugo, iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikafika Isiolo, imewahi kuleta manung'uniko ya namna hiyo. Bima hiyo hulipa kulingana na upungufu wa majani unaopimwa kwa setilaiti, na siyo kulingana na idadi ya mizoga. Mfugaji asiyeelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa humhesabia wakala kuwa mwongo, na mwaka ufuatao hanunui tena.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia haya, napendekeza mambo manne ambayo chama chetu kinaweza kuyaanza bila kungoja ufadhili mkubwa.

Kwanza, tuunde kikundi cha wanafunzi wanaotoka kaunti kame, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani, cha kuichukua taarifa ya kila mwezi ya kaunti na kuiandika upya kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Sharti la ukurasa huo liwe kwamba kila habari iambatane na tendo na wakati. Kwa mfano: "Mvua kubwa imenyesha Nyandarua na Mlima Kenya, na mto umepanda Archer's Post. Walio karibu na malka wahamishe watoto, mifugo na nafaka leo kabla ya magharibi. Msingoje kuona mawingu." Neno malka, yaani mahali pa kuvukia na kunyweshea mtoni, nimeliacha kwa makusudi. Ndilo neno linalotumika, na Kiswahili hakipungui kwa kulipokea.

Pili, ukurasa huo usitolewe kabla ya kusomewa watu watatu au wanne wa mahali husika, kisha waulizwe: umesikia nini, na utafanya nini? Majibu yao ndiyo mtihani wa tafsiri yetu. Laiti ningelimuuliza baba swali hilo la pili, ningeligundua kosa langu papo hapo.

Tatu, walimu wetu waruhusu na wahimize tasnifu zinazohusu lugha ya majanga: majina ya miaka, simulizi za ukame na mafuriko, msamiati wa malisho na maji, na namna matangazo ya hali ya hewa yanavyoeleweka vijijini. Hayo ni masuala ya fasihi simulizi, isimujamii na tafsiri, na hayatoki nje ya taaluma yetu hata kidogo.

Nne, kila mmoja wetu anayetoka kijijini aanze na kaya yake. Akienda likizo, aketi na wazazi na ndugu wakubaliane mambo machache: tutauza mnyama yupi kwanza, na tukiona dalili gani, maji yakipanda tutahamia wapi, na nani atambeba nyanya, vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vitahifadhiwa wapi, ni nani atapigiwa simu Merti. Mazungumzo hayo hayagharimu kitu. Mwaka jana tulifanya hivyo nyumbani, na baba ndiye aliyesema wa kwanza auzwe nani.

Hitimisho

Umoja wa Mataifa ulizindua mwaka 2022 mpango wa kuhakikisha kuwa kila mtu duniani anafikiwa na tahadhari ya mapema ifikapo 2027. Mwaka huohuo wa 2022, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai. Tuliimba, tukaghani mashairi, tukajivunia kuwa lugha yetu imevuka mipaka. Majuma machache baadaye nilikuwa Sericho nikimwambia baba kuwa mvua itakuwa chini ya wastani. Sijawahi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Wasomi wa Kiswahili tumeipamba methali hii katika mabango ya shule na barabara. Wakati umefika wa kuuliza tahadhari hiyo inasemwaje, inasemwa na nani, na anayeisikia anainuka akafanye nini. Sericho hatuwezi kungoja mawingu. Dalili ya mvua yetu iko mbali, mikononi mwa watu wanaoiona na kuiandika kwa lugha isiyo yetu. Ewe mwanafunzi mwenzangu wa Kiswahili, ukiwa umesimama kati ya anayeiona dalili na anayeihitaji, usiipitishe sentensi mpaka uhakikishe imebeba tendo.